Mwaka wa pili wa Uhasibu, na bado sijui nataka kazi gani

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 22, nipo mwaka wa pili wa shahada ya Uhasibu katika chuo kimoja hapa nchini. Naomba usitaje jina langu wala mkoa ninaotoka, maana mjomba wangu ni msomaji wa safu yako.

Tatizo langu ukiliangalia kwa nje si tatizo. Sijapata sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja tangu nianze, na GPA yangu kwa mihula mitatu iliyopita ni 3.3. Mkopo wa Bodi napata, ingawa si asilimia mia, na pengo la ada analiziba mjomba. Yeye ndiye aliyenichagulia kozi. Nilisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na siku ya kuomba vyuo tulikuwa tumekaa naye mbele ya kompyuta ya steshenari akaniambia, "Weka Uhasibu, mhasibu hakosi kazi." Nikaweka. Sikuwa na kitu kingine cha kumjibu, na shida yenyewe ndiyo hiyo, mpaka leo sina.

Wenzangu wa chumbani wanajua wanachotaka. Mmoja anataka kuwa mkaguzi kwenye kampuni kubwa na ameshaanza kuulizia mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma. Mwingine anasoma Ualimu na anaupenda hasa. Mimi nikiulizwa ukimaliza unataka ufanye nini, nacheka tu, nabadilisha mada.

Si kwamba hakuna ninachokipenda. Likizo huwa namfundisha hesabu mdogo wangu na wenzake wanne wa kidato cha nne, na mtu aliyekuwa haelewi logi akianza kuzielewa nafurahi mpaka nasahau kula. Natengeneza pia kadi za mchango na za send-off kwa simu, watu wananilipa elfu tano tano. Halafu mwaka jana bibi alilazwa, nikawa namuuguza, nikawaona wauguzi wanavyofanya kazi, nikajiambia huenda hiki ndicho nilichoumbiwa. Kidato cha nne nilipata C ya Biolojia, D ya Kemia, na Fizikia nilipata F.

Darasani naboreka. Ukaguzi tunasomewa slaidi mpaka kipindi kinaisha. Nikifikiria kukaa ofisini miaka thelathini nikiandika vocha, pumzi zinabana. Lakini nisikudanganye, hosteli kwetu tuna kikoba cha wasichana 22, na mtunza hesabu ni mimi. Mwezi uliopita kitabu kilikataa kubalansi, fedha zilipungua shilingi 14,000. Wenzangu walitaka tuchange yaishe. Nikakaa na kitabu mpaka karibu saa saba usiku, nikakuta marejesho ya mtu mmoja yameandikwa mara mbili, kwenye ukurasa wa mikopo na tena kwenye wa hisa. Nililala nina raha ya ajabu. Sijui hilo lina maana gani.

Nina mawazo matatu. Niache nikaanze uuguzi, au niahirishe mwaka nikae nyumbani nijitafute, au nivumilie tu nimalize, kwa kuwa miaka miwili imeshapotea. Field, yaani mafunzo kwa vitendo, ni Julai na sijaomba popote. Mjomba nikimgusia najua atasema nimeharibiwa na simu. Nifanyeje? Na yeye nimwambie nini?

Wako,
Sijielewi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nikikusoma vizuri, unaifaulu kozi usiyoichagua na usiyoipenda. Vipo vitu vinavyokuvuta, ila hakuna hata kimoja chenye nguvu za kukutoa ulipo. Na kinachokubana zaidi ni kalenda, kwamba mwaka wa tatu unakuja na wewe hujaamua. Tutazipima njia zako tatu, lakini kuna mambo umeyaandika kana kwamba yameshathibitika, na mimi naomba tuyatazame upya.

Unasema unaboreka na uhasibu. Hapo naona vitu vitatu vimefungwa fundo moja, yaani somo, namna linavyofundishwa, na kazi yenyewe. Kusomewa slaidi za ukaguzi kunamchosha hata mkaguzi. Kazi ya ukaguzi ni kuchukua malipo machache kati ya mengi na kuyafuata kila moja mpaka kwenye mzizi: hati ya madai, oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mali, saini ya aliyeidhinisha. Halafu unauliza kwa nini mali ilipokelewa tarehe 3 na oda ikaandikwa tarehe 9. Sasa rudi usome mwenyewe ulichoniandikia kuhusu zile shilingi 14,000. Sisemi kwamba usiku ule umekupa jibu. Kitabu kilikuwa cha rafiki zako, na kosa lilikuwa la bahati mbaya. Ofisini unaweza kulifuata kosa likakufikisha kwenye meza ya mtu asiyetaka lionekane, na raha ya kulipata ikageuka kuwa kitu kingine. Lakini ni dalili inayostahili kujaribiwa mahali penye fedha za watu usiowajua.

Hizo vocha za miaka thelathini nazo, nadhani unaogopa ofisi inayoondoka. Serikalini malipo sasa yanapita kwenye mfumo wa MUSE, na kampuni nyingi zina programu zao. Kazi ya kunakili inapungua, inabaki ya kuhakiki, kueleza na kushauri. Kwa sababu hiyohiyo, maneno ya mjomba kwamba mhasibu hakosi kazi siyapokei yote. Wenye shahada ya uhasibu ni wengi. Wanaotofautiana ni wale wenye CPA ya NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu), wanaoujua angalau mfumo mmoja wa hesabu kwa vitendo, na ambao kuna mtu mahali fulani aliyewaona wakifanya kazi.

Kuhusu wenzako wa chumbani sina la kusema zaidi ya kwamba kujua jina la mtihani na kuijua kazi ni mambo mawili. Huenda yule wa CPA anavijua vyote viwili. Muulize.

Tuje kwenye miaka miwili "iliyopotea". Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, wastani wa 120 kwa mwaka. Ukimaliza muhula huu utakuwa na 240 mkononi. Hizo hazijapotea, ila zina thamani isiyo sawa kulingana na njia utakayoshika, kwa hiyo tuzione njia zenyewe.

Uuguzi. Kwa matokeo yako, shahada ya uuguzi haipo karibu, maana inataka masomo ya sayansi ya kidato cha sita ambayo wewe mwenye EGM huna. Inabaki stashahada, na mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, umekuwa ukitaka ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne. Biolojia na Kemia unazo, Fizikia inakuzuia. Maana yake ujisajili NECTA (Baraza la Mitihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea, ufanye mtihani Novemba, usubiri matokeo Januari, uombe chuo, uanze mwishoni mwa mwaka huo, usome miaka mitatu. Hesabu kuanzia leo ni zaidi ya miaka minne, endapo Fizikia itakubali mara ya kwanza. Krediti zako za Uhasibu huko hazikusaidii kitu. Watu wamefanya hivyo na hawajutii, kwa hiyo siifungi njia hii. Ninachokuuliza ni ulichokipenda pale wodini. Je, ni kazi ya muuguzi, au ni namna bibi yako alivyohudumiwa? Kazi ya muuguzi ina zamu ya usiku, kufunga vidonda, kujaza chati za wagonjwa wengi kwa wakati mmoja, na kurudi kesho yake kwenye kitanda kilichobaki kitupu. Mtu anaweza kuwaheshimu wauguzi maisha yake yote bila kuitaka kazi yao.

Kuna na mkopo. Ukiacha chuo, fedha ulizokwisha kupokea zinabaki deni lako. Ukitaka kuomba mkopo mpya baadaye, Bodi imekuwa ikimtaka aliyeacha masomo arejeshe kwanza angalau robo ya ule wa awali. Soma mwongozo wa mwaka huu kabla hujaamini maneno ya korido, yangu yakiwemo. Na siku utakapoajiriwa, kwa kazi yoyote ile, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye mshahara wa shilingi 800,000 hiyo ni 120,000 kila mwezi, iwe ulimaliza au hukumaliza.

Kuahirisha mwaka. Neno kujitafuta ni tamu, ila nyumbani mtu hajipati kirahisi. Wiki ya kwanza utalala. Ya tatu utaanza kutumwa dukani. Mwezi wa pili majirani watauliza umefukuzwa nini. Vyuo vingi vinataka sababu inayoeleweka ili viruhusu kuahirisha, kwa kawaida ugonjwa au tatizo zito la kifamilia au la ada, na ombi linaandikwa kabla, si baada ya kutoweka. Bodi nayo lazima ijulishwe kupitia dawati la mikopo la chuo. Mtu akiondoka kimyakimya hurudi akakuta jina limetolewa kwenye orodha ya malipo, na kulirudisha ni safari ndefu. Mapumziko haya yana faida kama umepata mahali pa kufanya kazi mwaka huo na unajua unakwenda kujaribu nini. Tena, kama kubanwa pumzi unakokusema kunakuja usiku baada ya usiku, hulali, huli, basi hilo si suala la kuchagua kazi. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au hospitali ya chuo wiki hii. Hakuna atakayempigia mjomba.

Kumaliza. Kwa kuwa unalitaja kama adhabu, ngoja nikuonyeshe linafungua nini. Anayemaliza shahada anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, kwa kawaida mwaka mmoja, akawa mwalimu. Mtaala ulioboreshwa wa sekondari umeliweka somo la Biashara kwenye masomo ya lazima, na anayetoka kwenye uhasibu yuko karibu nalo kuliko alivyo karibu na Hisabati. Anaweza kusoma uzamili wa kitu kingine. Anaweza kuingia kwenye mitihani ya NBAA akiwa amesamehewa hatua za mwanzo. Hatari ya njia hii ni tofauti na unayoiwaza. Mtu akisema "namaliza tu" huacha kusoma, na GPA huporomoka polepole. Ikishuka chini ya 2.7 unatoka kwenye daraja la pili la chini, na milango mingi ya uzamili inafungwa. Upande wa juu, 3.5 ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu. Ukiwa na 3.3 kwenye nusu ya krediti zako, unahitaji wastani wa 3.7 kwa nusu iliyobaki. Si mchezo, lakini inafikika kwa mtu asiyewahi kuona sapu.

Ipo na njia ya nne ambayo hukuitaja, kuhamia kozi jirani humohumo chuoni. Dirisha la uhamisho la mwaka wa kwanza limekupita, kwa hiyo sasa utaanza karibu upya, isipokuwa masomo yanayolingana yakihesabiwa. Stadi za Mawasiliano, DS (Stadi za Maendeleo), takwimu na uchumi wa mwanzo mara nyingi yanapatikana pande zote. Chukua matokeo yako ya muda na maelezo ya kila somo ulilosoma, anza kwa mratibu wa kozi unayoitamani umuulize yapi atayatambua, ndipo uende kwa mkuu wa idara. Omba jibu la maandishi. Wanafunzi huumia kwa kutegemea "usijali, tutakusaidia" ya mdomo.

Sasa field, maana hapa una miezi michache na ndipo penye kitu kikubwa. Umeniambia hujaomba popote kana kwamba ni uzembe, kumbe bado uko huru kupanga. Mahali unapoweza kujaribu mambo mawili kwa mkupuo ni idara ya uhasibu ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Utashika makusanyo ya dirishani, madai ya bima ya afya yanavyoandaliwa na yanavyokatwa yakiwa na dosari, hesabu ya stoo ya dawa. Na ukitoka mlangoni wodi ziko hapo. Ukimwomba muuguzi mkuu kwa adabu akuruhusu ushuhudie wanavyokabidhiana zamu asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, utajifunza kuhusu uuguzi kuliko ulivyojifunza kando ya kitanda cha bibi. Si lazima iwe hospitali. SACCOS kubwa ingefaa kwa sababu ya kikoba chako, na ofisi ya ukaguzi ingekufaa kwa ajili ya ule usiku wa kitabu.

Namna ya kuomba: barua ya utambulisho ya chuo, wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya matokeo. Peleka sehemu tano au sita, kwa mkono ukiweza, masijala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki mbili rudi na nakala hiyo uulize. Kama mkopo wako una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, hakikisha umesaini mapema, na usipange field kwenye mji usio na ndugu kabla fedha haijaingia.

Kinachoharibu field za wengi ni kwamba mwanafunzi anafika, hana mpango, ofisi iko bize, anapewa fotokopi na chai mpaka wiki ya nane. Nenda siku ya kwanza na karatasi moja: wiki mbili mapokezi ya fedha, mbili malipo, mbili stoo, mbili ukaguzi wa ndani. Mwombe msimamizi aipange atakavyo. Wengi hufurahi kuona kuna mtu amewafikiria kazi hiyo. Omba kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kulinganisha daftari la fedha la mwezi mmoja uliopita na taarifa ya benki. Na jambo moja ulishike sana: mtu asikupe neno lake la siri uingie kwenye mfumo kwa jina lake, hata akisema ni kwa dakika tano. Likitokea kosa, mtakuwa wawili mnaojieleza, na mgeni ni wewe.

Kando ya logibuku ya chuo, weka daftari lako. Kila jioni mistari miwili: nilifanya nini, na muda ulikimbia au ulikokota. Usiandike "uhasibu ulikuwa mzuri", andika "nilitafuta risiti tatu zilizokosekana, muda ulikimbia" au "nilimweleza mzee mmoja bili yake, nilichoka". Mwisho utakuwa na mistari ya siku arobaini hivi. Isome ukitazama vitendo, usitazame vyeo. Huenda ukakuta unapenda kutafuta, au kueleza, au kupanga vitu vionekane vizuri, na kila kimoja kati ya hivyo kinapatikana kwenye kazi zaidi ya moja. Ukiwa hapohapo, tafuta watu watatu wenye miaka tofauti kazini. Usiwaulize kama kazi ni nzuri, watakujibu kwa adabu tu. Waulize Jumanne iliyopita walifanya nini tangu walipoingia mpaka walipotoka.

Ualimu na kadi vijaribu wakati wa likizo, havihitaji uache chochote. Watoto watano waliokuja wenyewe ni furaha. Omba kwa mkuu wa sekondari iliyo karibu na kwenu ujitolee vipindi vya Biashara kwenye darasa zima, na usahihishe madaftari yao yote. Daftari la arobaini ndilo litakalokupa habari. Kwa upande wa kadi, pima muda. Kadi ya 5,000 ikichukua saa nne pamoja na "dada badilisha rangi tena", umelipwa 1,250 kwa saa kabla ya bando. Dai nusu kabla hujaanza, ruhusu marekebisho mawili, na jaribu na wateja wasiokujua. Ukiona unaendelea kuipenda hata baada ya kudai watu fedha zako, hiyo ni habari muhimu.

Kuhusu mjomba. Sidhani kama ana kiburi, nadhani ana hofu. Amelipa ada ili usikwame, na ukimwambia "sijui ninachotaka" atasikia "fedha zako zimeungua". Usimpelekee uamuzi wa kuacha kabla ya field, huna cha kumwonyesha. Usimpigie simu pia, nenda umkute, muda ambao hana wageni. Mpe shikamoo yake, mshukuru kwa ada kwa kutaja alichofanya, halafu mwambie ulipo: "Mjomba, nafaulu, siachi chuo muhula huu. Ila sijajua nitafanya kazi gani, na nataka nitumie field kujua. Naomba unisaidie kupata nafasi hospitali, au unikutanishe na mhasibu unayemfahamu." Hapo umempa kazi ya kufanya. Akigomba, mwache amalize. Mwulize na hili, kwa nia njema kabisa: kwa nini siku ile pale steshenari alisema Uhasibu na si kitu kingine? Huenda kuna mtu alimwona, au kuna kazi aliyoitaka yeye akaikosa. Hujaniandikia kama umewahi kumuuliza.

Nami nina maswali mawili ambayo barua yako haikunijibu. Hiyo 3.3 imetoka kwenye masomo gani, yapi yana A na yapi yanakushusha? Na kikoba chenu, nani alikuchagua uwe mtunza hesabu, nao walikuona na nini? Waulize hao wasichana, kisha uniandikie Septemba ukitoka field, na daftari lako likiwa mkononi.